Jivu Lina Kazi Bado: Majibu kwa Wataalamu wa Jikoni

Kila jiko la kuni lina wataalamu wake, na wengi wao hawajawahi kuulizwa swali la pili. Utaambiwa jivu jeupe ni jivu lililopoa. Utaambiwa ndoo ya maji inamaliza mambo, makaa yakishakuwa mekundu hayana sumu, na shamba halijui jivu baya. Haya husemwa kwa uhakika kabisa, jikoni kwa mama mkwe, msibani kwenye mafiga ya masufuria makubwa, kwenye semina za majiko banifu, na siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp. Baadhi yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoyapa miguu ya kutembea.

Nitayajibu moja moja, ila sitayapimia kwa kibaba kimoja, maana hayana uzito sawa. Moja linaua watu. Jingine linaharibu wali tu. Lakini mengi yamezaliwa na dhana moja: kwamba jivu ni mabaki ya kazi iliyokwisha, taka ya kuzoa na kusahau. Sivyo. Jivu linatunza moto, linaziba hewa, linachoma ngozi likilowa na linabadili udongo likimwagwa. Ukilichukulia kama kitu kilichokufa, litakufanyia kazi usiyoitaka.

“Likiwa jeupe, limeshapoa”

Anayesema hivi mchana ndiye yule yule anayefukia moto usiku, na hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa. Nenda Makete au Lushoto, kwenye baridi, utazame mwenye nyumba anavyofunga jiko baada ya chakula cha usiku. Anavuta vijinga nje ya mafiga, anakusanya makaa katikati, anaweka gunzi moja au mawili makavu juu yake, kisha anayafunika kwa jivu mpaka hayaonekani. Alfajiri anarudi na kipande cha kuni, anaondoa jivu kidogo kidogo. Juu kabisa ni baridi, unaweza kulaza kiganja. Vidole viwili chini, vumbi lina uvuguvugu. Chini ya hapo gunzi limelala na umbo lake lote, jeusi, mashimo ya punje bado yamejipanga kwa mistari. Analipuliza mara moja, taratibu, na mistari ile inaanza kuwaka mmoja baada ya mwingine. Anasogeza majani makavu, moto umepatikana bila njiti ya kiberiti.

Mama huyo anajua kwa mikono yake kile ambacho mdomo unakikana. Chembe za jivu zimeshika hewa iliyotulia katikati yake, kwa hiyo joto halipiti upesi. Ni blanketi hasa. Wakati huo huo jivu linapunguza hewa inayolifikia kaa. Kaa halikosi hewa kabisa likafa, wala halipati ya kutosha likajimaliza, basi linajilamba pole pole kwa muda mrefu. Ndiyo maana zimamoto wa nchi za baridi, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa majiko ya kuni, huonya kwamba kaa lililozama ndani ya jivu linaweza kukaa hai siku tatu, hata nne. Na usidanganywe na rangi. Kaa huanza kuonekana jekundu gizani likifika nyuzi 500 na ushei za Selsiasi. Kaa lenye nyuzi 300 ni jeusi tu, limetulia, na linatosha kuanzisha moto kwenye majani makavu.

Sasa jivu hilo hilo linazolewa saa nane mchana, linatiwa kwenye ndoo ya plastiki au mfuko mtupu wa saruji, linaegemezwa kwenye ukuta wa fito au kumwagwa nyuma ya nyumba penye mabua. Plastiki inalainika kitako kwanza. Karatasi ya mfuko inaungua bila mwali, na inaweza kuendelea hivyo muda mrefu bila mtu kuona, mpaka upepo wa alasiri uje kuimalizia kazi. Baadaye watu wanakaa kikao: moto umezuka wenyewe, au kuna mkono wa mtu. Mara nyingi mkono wa mtu upo kweli, ni ule ulioshika beleshi.

Tena kuna miguu ya watoto. Rundo la jivu jalalani linaonekana kama vumbi laini, na mtoto anayekimbiza mpira hana sababu ya kulizunguka. Mguu mtupu unazama hadi kwenye kifundo kabla hajajua kilichomo. Kidonda cha unyayo wa mtoto mdogo kinauma wiki nyingi, na kovu lake linaweza kuvuta vidole.

Dawa yake ni debe. Debe la bati, lenye mfuniko wa bati, lililowekwa juu ya mawe au udongo mtupu, hatua kadhaa kutoka kwenye ukuta wowote, wala si kibarazani. Humo jivu likae siku nne. Kabla ya kulimwaga likoroge kwa kijiti hadi chini, kisha pitisha mgongo wa mkono juu yake bila kugusa. Ukihisi fukuto, rudisha mfuniko. Na debe hilo lisitiwe kitu kingine: hakuna karatasi, hakuna maganda ya vitunguu, hakuna pamba za kutolea rangi ya kucha.

“Mwagia maji, yaishe”

Kwamba maji yanazima moto, sibishi. Nabishia namna.

Ukimimina ndoo nzima juu ya makaa mekundu, maji yanayogusa kaa yanageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke huo hauondoki peke yake, unaruka na jivu na vipande vya kaa. Anayeupokea ni yule aliyeinama kutazama kama moto umezimika: uso, macho, ndani ya mkono. Kama jiko liko ndani ya banda dogo, hana pa kukimbilia.

Halafu fikiria jiko lenyewe. Liwe lile la Kenya la mkaa lililoanza kuenea miaka ya 1980, lenye kiuno chembamba, bati nje na kauri ndani, au lile la kuni la Maendeleo ambalo baadaye magharibi mwa Kenya lilijulikana kwa jina la Upesi, kauri yake imechomwa tanuruni na inastahimili moto. Kisichostahimilika ni kupozwa ghafla upande mmoja. Ndani inasinyaa wakati nje bado imepanuka, na ufa mwembamba unaingia ambao siku hiyo huuoni. Unauona baada ya mwezi, kauri ikiwa vipande viwili. Fundi anaitwa kulaumiwa kwa kauri mbovu, na hakuna anayeuliza jiko lilikuwa linazimwaje.

La tatu ndilo linalonichekesha: mara nyingi maji hayazimi hata hayo makaa yaliyokusudiwa. Yakipita juu ya rundo yanafanya tope linaloganda, na chini ya tope kuna jivu kavu lenye makaa yasiyoguswa na tone. Mtu anaondoka ametosheka. Kilichobaki juu ni maji makali ya jivu, yale yale ambayo Waluhya wa magharibi mwa Kenya huyachuja kutoka kwenye jivu la maganda ya maharage wapate chumvi ya kulainishia mboga. Chunguni, kwa kipimo cha mpishi anayejua, ni kitu kizuri. Kwenye mikono yenye mikwaruzo kinakausha na kuchoma ngozi, na kikiruka jichoni ni hatari. Osha kwa maji safi mengi, muda mrefu, ndipo uende hospitali.

Njia yenye faida ni kuyanyima makaa hewa. Yaokote kwa koleo, yatie kwenye sufuria kuukuu au debe, funika kwa mfuniko unaokaa sawasawa, weka nje. Yanakufa yakiwa mazima, na kesho una mkaa wa bure ambao hushika moto upesi. Anayenunua mkaa kwa kopo anajua kopo moja ni pesa. Ukilazimika kutumia maji, kwa mfano mko safarini au upepo umeanza kuvuma, tandaza makaa kwanza kwa beleshi kwenye udongo mtupu, simama upande upepo unakotoka, nyunyiza kwa mkono, geuza, nyunyiza tena. Uyaguse kwa kijiti mpaka kusiwe na sauti ya “chsss”.

“Jivu likijaa, ndipo jiko linashika joto”

Jiko lipi? Hilo ndilo swali wanaloliruka.

Kwenye mafiga, wanaosema hivi wana haki. Jivu la unene wa vidole viwili linakausha ardhi, linazuia udongo usinyonye joto na linatunza makaa. Anayefagia mafiga yake hadi udongo uonekane anajitafutia moshi wa bure kesho asubuhi. Hata yale majiko ya chuma ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, mengi yakiwa hayana chekeche chini, hupewa maelekezo ya kuacha tabaka la jivu, kwa kuwa gogo hulala juu yake na hewa huingilia juu. Aliye ughaibuni akimtumia dada yake wa Moshi video ya jiko kama hilo hasemi uongo. Anazungumzia chombo kingine.

Jiko la mkaa linavuta hewa kutokea chini, kupitia matundu ya kauri. Jivu likiziba matundu, mkaa unafuka badala ya kuwaka, mpishi anapepea na kipande cha boksi hadi bega linauma, na sumu nitakayoieleza punde inaongezeka. Jiko banifu la kuni lenye koo la kiwiko, lile lililotokana na kazi ya Mmarekani Larry Winiarski miaka ya 1980, lina kirafu mlangoni: kuni zinalala juu yake, hewa inapita chini yake. Ule upenyo wa chini ndio siri yote ya jiko hilo. Nimeona majiko ya namna hii yaliyotolewa na miradi, kirafu kimezama ndani ya jivu kimebaki mstari tu, na mwenye nyumba analalamika kwamba jiko la kisasa lina moshi kuliko mafiga ya bibi yake. Malalamiko yake ni ya kweli kabisa. Hakuna aliyemwonyesha pa kukomba.

Dalili hazihitaji semina: moshi unatoka mdomoni mwa jiko badala ya kwenda juu, sufuria inarudi na masizi mazito, unapuliza kila baada ya dakika. Komba jivu asubuhi, kabla ya kuwasha, likiwa limepungua joto usiku kucha, kwa kikombe cha bati au kijiko kikuukuu kilichokunjwa. Lisifagiliwe kwa ufagio mkavu, maana unga wake ni mwembamba na unaingia kifuani.

“Makaa yakishakuwa mekundu hayana sumu, yaingize chumbani”

Hili ndilo linaloua.

Juni na Julai Njombe, Mbeya, Limuru na Nyandarua kuna baridi inayoingia mifupani. Chakula kimeiva, makaa yamebaki, hayana moshi, yanapendeza. Kuyaacha yapotee nje wakati watoto wanatetemeka kunaonekana ufujaji. Basi yanatiwa kwenye karai au jiko dogo, yanaingizwa chumbani, mlango unafungwa, na kitambaa kinasukumwa chini ya mlango ili baridi isiingie. Wapo pia wanaomwekea mzazi jiko chumbani siku za arobaini, yeye na kichanga chake, kwa mapenzi matupu.

Moshi na sumu si kitu kimoja. Moshi hutoka kwenye kuni ambazo bado zina maji na mafuta yake. Makaa yameshamaliza hatua hiyo. Makaa ni kaboni, na kaboni ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho wala koo. Uwekundu haupunguzi gesi hii. Makaa mekundu yaliyorundikana, hasa yenye jivu juu, ndiyo hali inayofaa kuitengeneza, na yanaendelea kuitoa mpaka yafe. Ikiingia mapafuni inashikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usio na faida. Kichwa kinauma, mtu anapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Anadhani ni malaria au uchovu, anajilaza zaidi. Aliye usingizini huenda asiamke kuhisi hata hayo.

Dhana hii imezaa watoto, nao ni wa kujibiwa kwa haraka. Kwamba sumu ni ya mkaa wa gunia, makaa ya kuni ni ya asili: kaa la mgunga na mkaa wa gunia ni kaboni ile ile. Kwamba sufuria ya maji chumbani inainyonya: gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Kwamba dirisha likiachwa wazi kidogo inatosha: hakuna anayeweza kukuambia kidogo hicho ni kiasi gani, maana upepo wa usiku haumtii mtu. Kwamba aliyezidiwa apewe maziwa: maziwa yanakwenda tumboni na sumu iko kwenye damu. Aliyezidiwa atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, jiko litolewe, na apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu, hasa akiwa mjamzito au mtoto. Na aambiwe daktari waziwazi kwamba chumbani kulikuwa na makaa, la sivyo mgonjwa atapimwa malaria na kurudishwa kwenye chumba kile kile. Ukiona watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa asubuhi na wakikaa nje wanapona, usitafute mbu.

Hapa pia narudi kwa mama wa gunzi. Kufukia moto ni ufundi mzuri, lakini ni ufundi wa jiko la nje, ambalo hakuna anayelala ndani yake. Moto uliofukiwa unatoa gesi hii usiku kucha. Bibi zetu wengi walilala kwenye nyumba za nyasi zilizopumua kila upande. Chumba cha matofali, bati na dari hakipumui hivyo. Kama unataka kupasha chumba kwa mabaki ya jiko, chemsha maji, yatie kwenye chupa au dumu lenye kifuniko imara, funga kwa kanga, uingie nalo kitandani. Makaa yabaki nje.

“Jiko banifu halifai, halina makaa ya kupalia wali”

Hili ni la pwani, na nalipenda, kwa sababu kwa kiasi kikubwa ni la haki. Wali wa nazi ukishakauka maji unataka moto juu na chini. Mpishi wa Tanga au Lamu anapunguza kuni, anaacha makaa machache chini, anachukua mengine kwa koleo na kuyapanga juu ya mfuniko. Jiko banifu linalofanya kazi vizuri linaunguza kuni mpaka mwisho, halimwachii makaa ya kupanga. Aliyebuni jiko hilo hakuwa na habari za wali.

Ila suluhisho limelala uani. Vifuu vya nazi iliyokunwa, viwili au vitatu, viwashwe pembeni kwenye bati mpaka moshi uishe, kisha vipangwe juu ya mfuniko. Makaa yake ni makali na yanaenea vizuri. Baada ya hapo vijivu vyake vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufunua, kwa maana jivu ndani ya wali halina utetezi wowote.

Na mpishi asiyekuwa na shida ya wali asijivunie makaa mengi. Kilo 100 za kuni kavu huacha jivu la kilo moja hivi, pungufu au zaidi kulingana na mti na wingi wa magome. Ikiwa ndoo yako inajaa kila baada ya siku mbili, kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni kaa lililovunjika, yaani kuni ulizokata au kununua na hukuzitumia. Sababu huwa mbili: kuni mbichi, au kuzisukuma zote ndani kwa pupa. Kuni iungue kwenye ncha, isogezwe kadiri inavyoisha. Maharage yaliyolowekwa usiku, yakishachemka barabara, yanataka makaa na mfuniko tu. Ni hapo unapovuta kuni nje na kuzizima kwa kuzichomeka kwenye jivu.

“Jivu ni mbolea, mwaga popote”

Wanaolisema hili huonyesha migomba. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro na vibanja vya Kagera, mgomba ulio karibu na jiko ndio wenye mkungu mzito, na jivu lina sehemu yake katika sifa hiyo. Mgomba hupenda potasiamu, na jivu la kuni linayo. Lakini mgomba ule unapata pia maganda, samadi na maji ya kuoshea vyombo. Ukichukua jivu peke yake ukalipeleka kwenye shamba la mahindi lenye njano ya njaa ya nitrojeni, utakuwa umepeleka mzigo usiohitajika, kwa sababu karibu nitrojeni yote ya kuni iliondoka na moshi.

Jivu ni chokaa kuliko lilivyo mbolea. Sehemu kubwa yake ni kalsiamu, kisha potasiamu, magnesiamu na fosforasi kidogo. Linapunguza asidi ya udongo, na kwa kawaida pH yake iko kati ya 10 na 13. Kwenye udongo wenye asidi, kama ulivyo mwingi wa nyanda zenye mvua nyingi, ni msaada. Kwenye chai ni adhabu, kwa kuwa mchai unataka asidi hiyo hiyo. Wa Kericho, Mufindi na Rungwe walijue. Kwenye viazi mviringo, kuongeza jivu kila msimu kunakaribisha ule ugonjwa unaolifanya ganda la kiazi kuwa na magaga, maana bakteria wake hustawi asidi ikipungua. Kwenye udongo wa mawe ya matumbawe wa ukanda wa pwani, au kwenye ardhi yenye magadi, huna cha kupunguza, unaongeza tatizo.

Kiasi cha kutosha ni gramu 50 hadi 70 kwa mita ya mraba kwa mwaka, yaani konzi moja au mbili, limetawanywa na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, mbali na mbegu na miche michanga. Usilichanganye na samadi mbichi, wala na mbolea ya SA au CAN. Ile harufu inayochoma pua ni nitrojeni yako inatoroka ikiwa amonia.

Na jivu la nini? Aliyewasha jiko kwa mifuko ya plastiki, kandambili au vipande vya mbao zilizopakwa rangi, jivu lake lisifike bustanini. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki hazifai hata kuingia jikoni, achilia mbali chini ya mchicha, kwa sababu aseniki haiungui ikaisha. Inabaki kwenye jivu.

“Linatunza maharage, linafunga jeraha”

Kwa maharage, ndiyo, kwa sharti. Jivu lililochekechwa na kupoa kabisa, likichanganywa kwa wingi na maharage makavu, linajaza nafasi ambazo fukusi angepita na linakwaruza ngozi yake hadi anakauka. Konzi moja kwa gunia ni mapambo tu. Kwa mahindi habari ni nyingine tangu dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati, agundulike Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hutoboa punje na kuishi ndani, jivu halimfiki. Mifuko isiyopitisha hewa inamweza.

Kwa jeraha na kwa kitovu cha kichanga, hapana. Jivu lililokaa sakafuni linaweza kubeba vijidudu vya pepopunda kutoka kwenye udongo. Sina zaidi.

“Gesi inakuja, haya yote yatakwisha”

Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwisho wake. Hata ukifanikiwa bila kupungua nukta, mmoja kati ya watano atakuwa bado na jivu mikononi. Na nyumba nyingi zenye mtungi leo zinautumia kwa chai na mboga, makande yanarudi kwenye kuni, kwa kuwa mtungi ukiisha tarehe 20 mshahara haujui. Jivu litakuwepo muda mrefu, likizolewa na mtu yule yule, mara nyingi msichana wa miaka 12 kabla hajaenda shule.

Kwa hiyo lawama yangu ya mwisho siwapi akina mama. Nawapa wanaogawa majiko. Wanakuja na jiko, fulana, kipaza sauti na mtu wa kupiga picha. Hawaji na debe lenye mfuniko, wala koleo, wala kikombe cha kukombea jivu chini ya kirafu, vitu ambavyo fundi bati wa sokoni angevitengeneza vyote kwa asubuhi moja. Mkipelekewa majiko kijijini kwenu, daini hivyo vitatu kabla hamjatia sahihi kwenye karatasi ya kupokea.